Faili za Studio Bila Bando: Kuweka File Browser na Kuijaribu kwa Simu

Karibuni tena, wapenzi watazamaji. Leo tuko Kondele, Kisumu, ndani ya studio ya picha na video. Kompyuta ile iliyo pembeni ndiyo seva yetu. Tunaiwekea ukurasa wa wavuti ili mpiga picha, mhariri na mteja wachukue faili kwa simu au laptopu kupitia Wi-Fi ya hapa ndani, bila kumaliza bando la mtu.

Wenye studio mnajua Jumamosi jioni inavyokuwa. Kundi moja limerudi kutoka mazishini Siaya, lingine limetoka arusini Dunga, kadi zimejaa na mhariri anangoja. Flashi ndiyo inayozunguka, na flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili moja ya GB 4 au zaidi hata kama nafasi ingalipo. Video ya ibada nzima inagomea hapo.

Programu yetu ni File Browser. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ni faili moja tu inayoendeshwa kwenye seva. Natumia Debian, aina ya Linux; walio na Ubuntu, amri ni zile zile. Skripti ya kuisakinisha iko kwenye kurasa za mradi wenyewe. Ipakue, ifungue uisome, kisha ndipo uiendeshe. Skripti ya kutoka intaneti inayoendeshwa kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, inaweza kufanya lolote kwenye mashine yako, kwa hiyo dakika mbili za kuisoma si hasara.

Sasa tunatengeneza mtumiaji wa kuendesha programu hii, kwa sababu hatutaki iendeshwe na root, yule msimamizi mkuu mwenyewe:

sudo useradd --system --create-home --home-dir /var/lib/filebrowser faili
sudo mkdir -p /srv/studio
sudo chown faili: /srv/studio

Kisha tunaandika huduma ya systemd, sehemu ya Linux inayowasha programu mashine inapowaka, kwenye /etc/systemd/system/filebrowser.service. Tazama mistari hii miwili kwenye skrini, ndiyo iliyobeba kazi:

User=faili
ExecStart=/usr/local/bin/filebrowser -r /srv/studio -d /var/lib/filebrowser/filebrowser.db

Herufi r inaonyesha folda ya kazi, d inaonyesha hifadhidata itakaa wapi. Usiache d. Ukiiacha, hifadhidata itaundwa pale programu ilipoanzia, na siku ukiiendesha kutoka folda nyingine utakuta watumiaji wako wote hawapo. Chini kabisa, kwenye sehemu ya Install, weka WantedBy=multi-user.target. Hifadhi, halafu:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now filebrowser
sudo journalctl -u filebrowser

Amri ya mwisho inatuonyesha kumbukumbu za huduma. Matoleo ya sasa huunda neno la siri la admin lenyewe na kuliandika humu mara moja tu, hifadhidata inapozaliwa. Linakili sasa hivi.

Tujaribu, tukiwa bado kwenye seva:

curl http://127.0.0.1:8080/health

Jibu ni OK. Lakini chukua simu, andika anwani ya seva na poti 8080, yaani mlango wa programu hii: haifunguki. Programu haijaharibika. Kwa kawaida yake File Browser husikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani hujibu mashine iliyomo tu. Wengi hapa huibadilisha ijibu kila mtu moja kwa moja. Mimi nashauri uiache hivyo hivyo, na mbele yake uweke nginx, programu ya seva ya wavuti, imkaribishe mgeni na kumpeleka ndani.

Tunasakinisha nginx, tunaondoa ukurasa wake wa kawaida kwenye sites-enabled, kisha tunaweka wetu:

server {
  listen 80;
  client_max_body_size 0;
  location / {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
    proxy_set_header Host $host;
  }
}

Kwanza sudo nginx -t, ikague maandishi. Ikikubali, sudo systemctl reload nginx. Kama umewasha ufw, ukuta wa kuzuia miunganisho, fungua poti 80.

Mstari wa client_max_body_size nataka tuutazame kwa karibu. Naufuta makusudi, napakia upya nginx, halafu natuma picha moja ya kamera, MB 9. Mmeona? Kosa 413, yaani faili ni kubwa mno. Nginx ikiachwa bila kuelekezwa hukubali MB 1 tu kwa ombi moja. Ubaya wake ni kwamba ukurasa unafunguka vizuri, unaingia, unaona folda, hata faili ndogo ya maandishi inapita, na wewe unasema kazi imekwisha. Kisha mpiga picha anakuja na picha zake na hakuna hata moja inayoingia. Sifuri maana yake hakuna kikomo. Naurudisha mstari, napakia upya, picha ile ile imepita.

Hiyo ndiyo sababu nasisitiza ukurasa huu ujaribiwe kwa mkono wa atakayeutumia na kwa faili anazotumia. Kuuona umefunguka kwenye seva yenyewe ni mwanzo tu.

Haya, simu. Kwenye seva andika hostname -I upate anwani. Yetu ni 192.168.1.20, na kwenye ruta nimeifunga isibadilike. Kwenye simu, zima data kabisa ubaki na Wi-Fi. Simu nyingi za Android zikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia data kimyakimya, na huko nje anwani hii haipo. Andika http:// mbele ya anwani, la sivyo kivinjari kinaweza kuifanya neno la kutafuta. Bado haifunguki? Angalia kama simu iko kwenye Wi-Fi ya wageni. Ruta nyingi huzuia vifaa vya huko visionane na vya ndani.

Imefunguka. Sasa tuma video ya GB 2 kutoka simu, na katikati ya safari iache skrini ijizime. Mara nyingi kivinjari husimamishwa na upakiaji hukwama. Basi kanuni ya studio yetu ni hii: kadi za kamera zinapakiwa kwa laptopu, kwa waya ukiwezekana, na simu ni ya kutazama na kupakua. Waya wa Mbps 100 hupitisha MB 12.5 kwa sekunde ukiwa katika hali bora, kwa hiyo GB 10 zinahitaji dakika 13 na zaidi. Kama una swichi ya gigabiti, itumie.

Faili ikifika, hakikisha ni ile ile. Kwenye seva andika sha256sum na jina la faili. Kwenye laptopu ya Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kila amri itatoa msururu wa herufi na tarakimu. Linganisha misururu yote miwili. Ikifanana, ndipo mpiga picha afomati kadi yake. Arusi ya watu hairudiwi.

Tuje kwa wateja. Ingia kama admin, unda mteja wa bandia, na kwenye scope, yaani mpaka wa anachoweza kuona, mwekee folda yake tu. Mwachie ruhusa ya kupakua. Kufuta, kubadilisha jina na kuendesha amri, toa zote. Sasa fungua dirisha la faragha uingie kwa jina lake. Akiona folda ya arusi nyingine, simama hapo urekebishe. Picha hizi ni taarifa binafsi za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama studio yako ni chumba kimoja.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiende kwenye ruta ukafungua poti 80 kwa dunia nzima. Hapa tunatumia http isiyofichwa, na neno la siri linasomeka njiani. Anayehitaji kuingia akiwa Kakamega au Nairobi, mtengenezee kwanza njia ya WireGuard, yaani VPN inayoficha mawasiliano.

Jaribio la mwisho ni la stima. Hakikisha hakuna anayepakia, andika sudo reboot, na usiguse kitu kingine. Seva ikirudi, fungua ukurasa kwa simu. Ukifunguka bila wewe kuandika amri yoyote, hata stima ikipotea usiku mhariri atakuta kila kitu tayari asubuhi. Usipofunguka, systemctl status filebrowser itakwambia. Ukifunguka lakini folda ziko tupu, huenda ni diski ya nje ambayo haijaandikwa kwenye fstab, faili inayoiambia Linux diski za kuunganisha inapowaka.

Sasa futa ile video ya jaribio na yule mteja wa bandia, badilisha neno la siri la admin, kisha mpe mhariri jina lake aanze na kadi za Siaya.