Miguu, Chukudu, Gari au Boti: Kuuhama Mji wa Goma na Wakati wa Kubaki Nyumbani

Wazee wetu, kina mama na kina baba, wakuu wa avenyu na wa nyumba kumi, nanyi ndugu zangu wamotari, waendesha pikipiki, mliokubali kuacha kazi kwa saa nzima ili mnisikilize, nawasalimu. Mmeniomba nizungumze juu ya kukimbia: mtu apande nini siku ya hatari, na ni lini afadhali asipande chochote. Katika mji wetu swali hili la pili ndilo linalosahauliwa kwanza, kwa maana mara tu mtu anapopiga kelele kwamba mlima umepasuka, kila mmoja hutafuta ufunguo wa pikipiki kabla ya kutazama moto uko upande gani.

Nawaomba mrudi nami kwenye jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, siku ambayo mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ulitapika bila onyo lolote kutufikia. Mbingu ya kaskazini ilikuwa nyekundu. Mimi nilikuwa mtaa wa Majengo na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amepita miaka themanini na magoti yake yalikuwa yamekataa kazi. Jirani mwenye gari alitupa nafasi, tukapanda tukimshukuru Mungu. Baada ya saa nzima lile gari lilikuwa limesogea kama mita mia mbili, limebanwa nyuma ya lori lililojaa magodoro, na pikipiki zikipenya kila upenyo, injini ilianza kuchemka, na mama akanishika mkono akasema, "Mwanangu, wale wanaotembea wanatupita." Nikachungulia dirishani nikaona kweli: wanawake wenye watoto mgongoni na bidoni (madumu ya maji) kichwani walikuwa wakitupita mmoja baada ya mwingine. Tukashuka. Kijana mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ambaye hatukuwahi kumwona, alishusha magunia yake ya makaa kando ya barabara, akatandika kitenge juu ya ubao, akamketisha mama na kuanza kusukuma. Mama alishika usukani ule wa mti kwa mikono miwili, nami nikamshika bega, na tulikuwa tumekwisha kufika Ndosho, upande wa magharibi wa mji, wakati jirani yetu bado alikuwa anapigania njia ya kutoka Majengo.

Nasimulia haya kwa sababu chombo cha kukimbilia hupimwa kwa mwendo wa hatari yenyewe na kwa hali ya barabara, si kwa nguvu ya injini. Lava ya Nyiragongo ni majimaji kuliko ya milima mingi ya moto duniani. Mwaka 1977, ziwa la lava la kileleni lilipotoka kwa ghafula kupitia nyufa za ubavuni, lava ilishuka kwenye mteremko kwa makumi ya kilomita kwa saa, na watu wa vijiji vya chini ya mlima hawakupata hata muda wa kufungua zizi la mbuzi. Lakini kadiri inavyoukaribia mji mteremko unapungua, lava inapoa na kuwa nzito. Tarehe 17 Januari 2002 ilipopita katikati ya Goma hadi kuingia Ziwa Kivu, mtu mzima aliweza kuitangulia kwa miguu katika sehemu nyingi za mji, na ndiyo maana mamia ya maelfu ya watu waliokoka ingawa maelfu ya nyumba ziliteketea. Kwa hiyo anayekaa karibu na mlima, Kibati, Munigi au Buhene, asipakie kitu chochote: aondoke saa ileile, kwa miguu au kwa pikipiki iliyo karibu. Anayekaa ndani ya mji kwa kawaida ana muda wa kutembea. Muda asio nao ni ule wa kusubiri katika msongamano.

Upande wa kukimbilia nao una uzito wake. Lava hufuata mabonde kama maji ya mvua, hivyo ukikimbia mbele yake kuelekea ziwani utajikuta na moto mgongoni na maji usoni. Kimbieni kwa ubavu, mpaka mtoke katika njia yake. Mwaka 2002 mji ulikatwa vipande viwili, na waliokuwa mashariki hawakuwa na njia nyingine ila mpakani kwenda Gisenyi, Rwanda, na waliokuwa magharibi ikawabidi waelekee Sake. Barabara ya Rutshuru isihesabiwe kabisa, maana inapita chini ya mlima wenyewe, na mwaka 2021 lava iliikata. Uwanja wa ndege nao usihesabiwe; mwaka 2002 lava ilifunika sehemu ya njia ya ndege. Kila familia ikubaliane mapema mahali pa kukutana upande wa mashariki na mahali pengine upande wa magharibi, na mtoto afundishwe kutaja jina kamili la mzazi wake, kwani katika usiku ule wa 2021 peke yake watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na familia zao.

Ndugu zangu wenye magari, naongea nanyi kwa heshima lakini bila kuficha. Gari siku hiyo ni la mgonjwa, la mama aliye karibu kujifungua, la mzee na la mlemavu. Friji na magodoro yabaki. Nanyi wamotari, najua bei hupanda na watu husukumana, lakini miongoni mwa waliokufa mwaka 2021 wapo waliouawa na ajali za barabarani wakikimbia, wala si na lava. Abiria wanne juu ya pikipiki moja gizani ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko mlima. Kuhusu petroli, hifadhini ya kutosha safari moja, na msiifuate mahali penye joto la lava: siku chache baada ya moto wa 2002, makumi ya watu walikufa kwa mlipuko katika kituo cha mafuta ambako walikuwa wanachota.

Ziwa linatuvuta kwa sababu halina msongamano. Tarehe 27 Mei 2021, tulipoamriwa kuhama mitaa 10 kwa hofu ya magma iliyogunduliwa chini ya mji na chini ya ziwa, wengi walishuka bandarini kutafuta boti za kwenda Bukavu. Boti inafaa ukiwa na saa nyingi mbele yako, ikiwa haijajazwa kupita kiasi na kila abiria ana jileti ya kuelea majini. Ajali ya bandari ya Kituku sote tunaikumbuka: tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, iliyojazwa kupita uwezo wake, ilizama karibu kabisa na ufuko, watu wa nchi kavu wakitazama. Ukiona ukingo wa boti unakaribia maji kabla hata haijaondoka, shuka, hata kama umekwisha kulipa.

Waliokwenda Sake mwaka huo wa 2021, karibu kilomita 25, wengi wakitembea na watoto chini ya mvua, walikutana na jambo ambalo sisi wa Goma tunalijua kwa jina letu wenyewe, yaani mazuku, hewa ya kuua inayotoka ardhini. Hewa hiyo ya kabonidioksidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya mashimoni, hasa usiku usio na upepo na alfajiri, na upande wa Mugunga na Lac Vert ipo kwa wingi. Huua mbuzi na mtoto kabla ya mtu mzima, kwa kuwa wao wako chini. Basi mkichoka njiani msilaze watoto bondeni kwa kukwepa baridi. Pandeni mahali palipoinuka, hata kama upepo unauma.

Kubaki nako ni uamuzi, wala si uzembe. Ardhi ikitetemeka, mtikisiko ukitulia toka ndani usimame uwanjani mbali na kuta, usiuhame mji kwa sababu ya mtikisiko peke yake. Majivu yakianguka, ingia ndani, funika mapipa na bidoni, na utenge mfereji wa paa na pipa, maana maji hayo yanaweza kuwa na floridi nyingi. Risasi zikilia kama zilivyolia mwishoni mwa Januari 2025, hakuna chombo kitakachokufaa: lala chini katika chumba cha ndani mbali na madirisha, na uwe na maji ya siku kadhaa.

Pale mlangoni nimeweka daftari. Kila mkuu wa nyumba kumi aandike leo ni nyumba zipi zina mtu asiyeweza kutembea, na kando ya kila nyumba aandike ni gari la nani, pikipiki ya nani au chukudu ya nani itamchukua. Wenye chukudu walio hapa, tafadhali msitoke kabla ya kuzungumza na mkuu wenu.