Ini halisafishwi kwa juisi: mhadhara kuhusu chakula na afya ya ini

Haya ndugu zangu, naona wengine bado mnatafuta viti, njooni huku mbele nafasi zipo. Leo ni ini na chakula, na naanza na swali ambalo naulizwa kuliko mengine yote, eti ninywe nini ili kusafisha ini? Hamna. Hamna juisi, hamna chai, hamna unga wa kwenye kopo unaosafisha ini, kwa sababu ini ndo lenyewe linalosafisha, hiyo ndo kazi yake. Damu inayotoka kwenye utumbo ikiwa imebeba sukari, pombe, dawa, inapita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda popote, karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini inakuja kwa njia hiyo. Kwa hiyo ukitaka kulisaidia angalia unalipelekea nini.

Na hizo dawa za kusafisha kwa kweli zinaniumiza roho maana baadhi ndo zinaharibu ini. Kuna vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa, vinauzwa kama vya kupunguza mwili, vimeshaunguza ini za watu mpaka wengine wakahitaji kupandikizwa ini jingine. Chai ya kijani ya kikombe sio tatizo, tatizo ni ile dozi kubwa iliyobanwa kwenye kidonge.

Sasa tuje kwenye mafuta kwenye ini, kwa sababu zaidi ya robo ya watu wazima duniani wanayo na wengi hawajui. Ini la kawaida lina mafuta kidogo tu, yakizidi asilimia 5 hapo ndo tunasema una mafuta kwenye ini. Mara nyingi hayaumi, mtu anaenda kupigwa altrasaundi kwa shida nyingine kabisa ndo anaambiwa. Sio kila mwenye nayo atafika pabaya, lakini kwa wengine ini linavimba, linaanza kuweka makovu, makovu yakijaa inakuwa sirosisi na saratani inaweza kufuata, na hiyo safari ni ya miaka mingi, yaani kuna muda wa kutosha wa kugeuza njia.

Wengi wanadhani yanatokana na kula nyama ya mafuta tu. Mafuta mengi ya wanyama yanachangia ndio, ila nataka muiangalie sukari na hasa ile ya kunywa. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zimeungana, glukosi inatumiwa na mwili mzima, misuli, ubongo, lakini fruktosi sehemu kubwa inaishia kwenye ini, na ikija nyingi kwa mara moja ini linaigeuza kuwa mafuta. Soda moja ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, hivyo ni vijiko vya chai karibu 9. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya kaloria za siku, kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikiwezekana ishuke mpaka gramu 25. Hebu piga hesabu mwenyewe, soda moja tu ushapita hiyo 25 na bado hujaweka sukari kwenye chai. Na juisi nayo imo, hata ile umekamua mwenyewe bila kuongeza kitu, maana ukishakamua nyuzinyuzi umeziacha na matunda manne yanashuka kwa dakika moja. Tunda zima kula, halina ugomvi na ini. Kama leo mtu ataondoka hapa na badiliko moja tu basi liwe kinywaji, kunywa maji.

Sahani yenyewe sitakaa nayo sana, mboga nyingi, kunde, nafaka ambayo haijakobolewa, samaki, mafuta ya mimea kwa kiasi. Uzito ndo una habari njema: mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 tu mafuta kwenye ini yanaanza kushuka, akifika 6 mpaka 8 hata uvimbe unaweza kupungua. Ila taratibu jamani, nusu kilo au kilo moja kwa wiki inatosha, kujinyima chakula ghafla kunaleta mawe kwenye nyongo na ini linaweza kuzidiwa. Na wembamba msijisahau, mafuta kwenye ini yanawapata pia.

Pombe, kwa ini kiasi bora ni sifuri. Kahawa, hii inawashangaza wengi, tafiti nyingi zimeona wanywaji wa kahawa wanapata sirosisi mara chache kuliko wasiokunywa, basi inywe bila sukari.

Mahindi au karanga zenye ukungu tupa. Kuna sumukuvu inaleta saratani ya ini na kupika hakuiondoi, na kwa mwenye homa ya ini B hatari inaongezeka mara nyingi zaidi, kwa hiyo pima, na kama huna pata chanjo.

La mwisho ni kwa wanaouguza mtu mwenye sirosisi. Bado kuna watu wanamnyima mgonjwa nyama, mayai, maharage, eti protini italemea ini. Huo ushauri ni wa zamani na umeshaachwa, mgonjwa anahitaji gramu 1.2 mpaka 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa mwenye kilo 60 ni gramu 72 mpaka 90, ukimnyima misuli inaisha na anadhoofika haraka. Ini lake haliwezi tena kuweka akiba ya sukari ya kutosha usiku kucha, akilala na njaa mwili unaanza kula misuli, kwa hiyo mpe kitu kabla ya kulala, uji na maziwa hivi au mkate na yai, na asubuhi asichelewe kula. Kama tumbo linajaa maji chumvi ipungue, na kiasi gani mpangie pamoja na daktari wake. Haya, maswali, tuanze na mama pale dirishani.