Umeme ukikata mkanda wa gari unashika? Nimeiweka ritrakta mezani tuone

Mambo vipi ndugu zangu wa nyumbani, leo sitembei popote, sina mandhari ya kuwaonyesha, nimekaa mezani na hiki kidude mnachokiona hapa, kizito kuliko kinavyoonekana, na mkanda unaning'inia kama ulimi.

Iko hivi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa naendesha gari la kazini, jipya kuliko nilivyozoea, mtu wa mbele akafunga breki ghafla, na mi nikakanyaga ya kwangu kwa nguvu zote, sasa guu halijafika hata chini mkanda ukanivuta nyuma kwenye kiti. Sisemi kunizuia jamani, KUNIVUTA, vile mama anavyokudaka kola ukitaka kukimbilia barabarani. Hatukugongana, gari likasimama, na mkanda ukaanza kuniachia wenyewe taratibu, na kasauti ka mota ndani ya ukuta, zzzzz. Nikasema hili gari lina jini. Nikaandika kwenye status yangu, basi mdau mmoja akaniuliza swali lililonikosesha usingizi: "Sasa kama mkanda nao umewekewa umeme, umeme ukikata si unabaki kamba tu?"

Swali la maana kabisa hilo. Ndo nikatafuta hii, inaitwa ritrakta, kile kidude kinachoukunja mkanda wa kiti na kuufunga usitoke. Kwenye gari huioni, imejificha chini ya ile nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, ukibandua plastiki unakutana nayo. Hii yangu ni ya zamani, haina baruti ndani, na nasema hivyo mapema kwa sababu za kisasa ZINA baruti, kwa hiyo usije ukaniona mi nafungua na wewe ukachukua bisibisi ukaenda kufungua ya kwako. Na hata hii, huu upande wenye kifuniko cha duara siugusi, humo kuna springi imejiviringisha kama ya saa ya zamani, ukiifungua inaruka na vidole utavitafuta chini ya meza. Hiyo springi ndo inayokunja mkanda ukijifungua, kazi yake ni hiyo tu, haikushikilii hata kidogo.

Anayekushikilia yuko upande wa pili, sogea karibu na kamera uone. Kuna spuli mkanda umejizungushia, pembeni ya spuli kuna gurudumu lenye meno, na chini yake kuna kakikombe, ndani ya kikombe gololi moja ya chuma. Gololi! Ile ile. Juu ya gololi kuna kakijiko kepesi. Nikiishika ritrakta wima hivi, navuta mkanda, unatoka vizuri, navuta, unatoka. Sasa naiinamisha... kidogo... bado... tak! Umesikia? Gololi imepanda ukingo wa kikombe, imekisukuma kijiko juu, kijiko kimekamata jino, na spuli ikijaribu kuzunguka kidogo tu kile chuma kinene kinaingia kwenye meno yenyewe na hapo hata tukiuvuta wawili hautoki. Narudisha wima, gololi inarudi chini, mkanda huru.

Ndo maana ukipaki gari kwenye mteremko mkali saa nyingine mkanda unagoma kutoka na unaanza kuugombeza, maskini wa watu haujaharibika, gololi inadhani gari linafunga breki, maana kwake kuinama na kupunguza mwendo ni kitu kimoja. Na hili halijaachwa kwa hisia za fundi, ile kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 16 inayohusu mikanda inasema mkanda wa aina hii uwe umefunga gari likipunguza mwendo kwa 0.45 ya nguvu ya uvutano, na ukiilaza ritrakta nyuzi 12 au pungufu isifunge, ukizidisha 27 lazima ifunge. Kuna na kinga ya pili humu humu, ukiuvuta mkanda kwa ghafla unafunga hata kama gari limesimama, hiyo wote mnaijua, mnaichukia mkiwa na haraka.

Sasa kama gololi inafanya yote haya bila waya, umeme wa nini?

Hapa ndo patamu. Tatizo la gololi ni kwamba inashika, haivuti. Mkanda kwenye spuli umejizungusha kilegelege, na wewe una koti zito, umekaa umejiegemeza pembeni na simu (najijua mimi), kwa hiyo spuli ikifunga bado mkanda unajikaza wenyewe na kuachia sentimita kadhaa ndo ukushike. Piga hesabu na mimi. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Mtu wa kilo 70 akisimamishwa kutoka mwendo huo ndani ya nusu mita, nguvu ya wastani inayomshika ni kama uzito wa tani 1.4, ukubali usikubali. Sasa kila sentimita ya ulegevu ni sentimita unayosafiri bure hewani halafu unakutana na mkanda kwa kishindo.

Kwa hiyo wakaleta pritenshena, yaani kikaza mkanda, na hiyo ndo yenye baruti. Mercedes waliiweka kwenye S-Class yao mwaka 1981, pamoja na eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga. Kuna kompyuta ya eabegi katikati ya gari, inasoma sensa zake, ikishaona hii ni ajali kweli na si shimo la barabara, inatuma umeme kidogo kwenye kabaruti, gesi inasukuma pistoni au mnyororo wa vigololi ndani ya bomba, vinazungusha gia, spuli inarudi nyuma kwa nguvu na kunyonya ulegevu wote. Muda wake? Milisekunde kumi na kitu. Kope yako haijaanza kushuka. Lakini ni mara moja tu, ikishalipuka imekufa, taa ya eabegi inawaka kwenye dashibodi na ritrakta nzima inabadilishwa, usikubali mtu akuambie ataiseti upya.

Halafu kuna kitu watu hawakisemi, mi ndo nakipenda kuliko vyote. Mkanda uliokaza sana nao unavunja mbavu. Kwa hiyo katikati ya spuli wameweka chuma kirefu kama penseli, upande mmoja umeshikwa, mzigo ukizidi kiwango kile chuma kinajisokota, kwa makusudi kabisa, na kila kinapojisokota mkanda unaachia kidogo kidogo huku bado unakushika, na eabegi inakupokea mbele. Magari mengine yana viwango viwili, kompyuta inaangalia kiti kimesogezwa wapi au aliyekaa ana uzito gani, ndo inaamua iache chuma kigumu au laini. Fikiria, chuma kinaharibika ili wewe usiharibike, nilivyoelewa hiyo nilikaa kimya dakika nzima.

Turudi kwenye jini langu sasa. Hili halikuwa baruti, maana baruti ingekuwa imeshakwisha, na mimi niliachiwa taratibu nikaendelea na safari. Hii ni mota ya umeme, imeunganishwa na spuli kwa gia na klachi ndogo. Mercedes hao hao walileta mkanda wa mota kwenye S-Class mwaka 2002 kwenye mfumo walioupa jina PRE-SAFE, leo na wengine wanao. Akili yake ni kwamba haisubiri kugonga. Inasikiliza: umekanyaga breki kwa kasi gani, matairi yanateleza, rada ya mbele inasema nini. Ikihisi mambo yanaharibika inakuvuta mgongo ugusane na kiti, kwa nguvu ndogo kuliko ya baruti lakini yenyewe ina muda wa kutosha, hata nusu sekunde kabla ya ajali, na kwenye mambo ya ajali nusu sekunde ni mwaka mzima. Ajali isipotokea, mota inarudi nyuma, inakuachia, na kesho inaweza tena. Baruti hilo haiwezi.

Na kwa sababu mota inaweza kuvuta kidogo au sana, wameipa na kazi ndogo ndogo. Ukishajifunga tu inanyonya ulegevu kwa upole, kwenye gari fulani ukianza kutoka kwenye mstari inakugusa bega, mguso mguso, ukijifungua inasaidia kukunja. Mi mwanzoni niliona utoto, sasa hivi nikipanda gari lisilo nayo nahisi kama nimesahau kitu.

Zipo pia ritrakta zilizoondoa gololi na kuweka sensa ya umeme na kisumaku, hasa pale mkanda unapokaa ndani ya kiti chenyewe, maana ukikilaza kiti nyuma gololi ingechanganyikiwa isijue chini ni wapi. Hapo wanapanga kinyume: umeme ukiwepo ndo kisumaku kinaweka mkanda huru, ukikatika unajifunga. Mbaya zaidi utakwama mkanda hautoki, lakini hautakuachia.

Kwa hiyo mdau wangu, umeme ukikata kabisa utakosa mota. Baruti hata betri ikichomoka wakati wa kugonga bado inalipuka, maana ile kompyuta ina akiba yake ndogo ya umeme ya kutosha kazi hiyo moja. Na gololi, hii hapa, ona, hakuna waya hata mmoja, naiinamisha... tak.

Aa, na dada aliyeuliza kwa nini mkanda wake unarudi kwa uvivu hadi anaubana na mlango, hiyo mara nyingi si umeme wala springi, ni jasho na vumbi. Uvute wote hadi mwisho, ubane usirudi, uufute kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, usitie dawa ya kung'arishia nguo inakula nyuzi, uache ukauke kabisa nje, ndo uuachie uingie.