Kutia chembechembe za mkanda kwenye picha ya simu

Karibuni tena jamani. Hii hapa ni picha ya bibi yangu amekaa barazani, nimeipiga kwa simu. Ni safi mpaka imezidi: shavu limelainika kama plastiki. Nataka ikaribiane na picha za mkanda wa kamera za zamani (filamu), Kodak Tri-X, ule wa nyeusi na nyeupe ambao toleo lake la 35mm lilitoka mwaka 1954.

Kwenye mkanda, mwanga hupiga fuwele zenye madini ya fedha, na ukishasafishwa zinabaki punje nyeusi. Punje hizo ndizo picha yenyewe, si vumbi lililonyunyiziwa juu. Kwa hiyo tusinyunyize ovyo.

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta, ni ya bure. Kwanza punguza picha ifikie ukubwa utakaoposti. Mimi naweka pikseli 2000 upande mrefu. Ukitia chembechembe halafu ndiyo upunguze, zinasagika zote. Niliwahi kupoteza jioni nzima hivyo.

Ingia Colors, Desaturate, rangi zitoke. Halafu fungua leya mpya, yaani tabaka linalokaa juu ya picha, ijaze kijivu cha katikati, namba 808080, na modi yake iwe Overlay. Unaona picha haijabadilika? Ndivyo inavyotakiwa.

Ukiwa kwenye leya hiyo hiyo, nenda Filters, Noise, RGB Noise. Toa tiki kwenye Independent RGB, la sivyo utapata vidoa vyekundu na vya kijani, kama picha ya simu iliyopigwa gizani. Nyekundu, kijani na bluu zote ziwe 0.20.

Sasa chembechembe hizi bado ni kali mno, kila pikseli imesimama peke yake. Rudi Filters, Blur, Gaussian Blur, weka 0.6 tu. Zinaanza kushikana.

Vuta picha hadi asilimia 100, tazama shavuni: chembechembe zimekaa. Sogea kwenye weusi wa mlango nyuma yake, hakuna kitu. Kwenye mtandio mweupe, kidogo sana. Hiyo ni kazi ya Overlay, inagusa zaidi rangi za katikati, na ndiyo maana sikutia chembechembe moja kwa moja kwenye picha.

Bibi alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Mbona umenitia vumbi, mjukuu wangu?" Nikashusha Opacity ya leya, yaani kiasi inavyoonekana, hadi 40.

Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na shavu linarudi kuwa plastiki.