Watu wa madoa: kuusoma mchoro wa wino wa Piazza San Marco

Mabibi na mabwana, tuanze na watu, majengo yatatusubiri.

Katika michoro ya Francesco Guardi, mchoraji wa Venice (1712–1793), mtu anayekatiza Piazza San Marco, uwanja mkuu wa mji huo, hana uso. Sogeeni karibu. Kofia ya pembe tatu ni mkwaruzo mmoja wa kalamu, joho ni doa moja la brashi, miguu vistari viwili. Doa likitanuka chini, huyo ni mwanamke mwenye gauni. Tena Guardi huwafanya watu wadogo kuliko inavyostahili, ndiyo maana uwanja unaonekana mpana kupita ulivyo. Kwa hesabu ya matao ya majengo, mimi humwamini Canaletto, mchoraji mwingine wa Venice. Kwa pilikapilika za watu, Guardi.

Kazi yenyewe huanza na chaki nyeusi, kidogo tu, kuweka upeo na mistari ya matao. Inafuata kalamu ya unyoya wa bata bukini, kisha wino uliozimuliwa kwa maji, kutoka hafifu kwenda uliokolea. Mwisho kalamu hurudi kutia giza chini ya matao. Mwanga hauchorwi: ni karatasi iliyoachwa tupu, na brashi ikishapita hapo, basi. Karatasi isiyopakwa jelatini ya kutosha nayo hunyonya wino, mstari ukatambaa.

Rangi ya kahawia isiwadanganye. Wino wa masizi ya kuni ulikuwa wa kahawia tangu mwanzo. Ule wa vinundu vya mwaloni, salfeti ya chuma na gundi ya mgunga ulikuwa mweusi, ukageuka kwa miaka. Salfeti ikizidi, chuma na asidi huila karatasi: geuzeni upande wa nyuma mtaona mistari mizito imepenya, na palipooza zaidi pamepasuka. Karatasi hiyo msiilowanishe, maana maji husambaza chuma na asidi hadi sehemu zilizokuwa salama. Kwenye maonyesho, mwanga usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga).

Mchoro usio na tarehe? Tazameni chini. Mistari ya mawe meupe sakafuni ni kazi ya msanifu majengo Andrea Tirali, iliyoanza 1723. Upande wa magharibi, kanisa la San Geminiano lilibomolewa 1807. Mchoro ukiwa na mistari hiyo na kanisa hilo, mnaukadiria kati ya miaka hiyo miwili, ila si ushahidi kamili: wapo waliochora wakiwa chumbani, wakinakili picha za zamani, sakafu ya zamani ikiwemo.