Mashine Iliyofunikwa Kitambaa

Asanteni. Naona wakuu wa idara, mafundi sanifu wa maabara, na vijana waliokaa nyuma karibu na mlango. Nyie wa mlangoni nitawarudia.

Nilipokuwa mwaka wa pili, chuo sitakitaja, tulikuwa na spektrofotomita moja, mashine ya kupima mmumunyo unafyonza mwanga kiasi gani. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kama vile bibi zetu walivyofunika redio. Siku ya praktiko tuliingia arobaini na kitu, fundi akabonyeza, akasoma namba kwa sauti, sisi tukanakili. Ripoti yangu ilipata A. Mashine sikuigusa hata kidogo.

Sasa vyuo vikuu vya umma Tanzania vinajengewa maabara mpya, nyingine kupitia HEET, mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021. Vifaa vinakuja. Naogopa kile kitambaa kisije navyo.

Chukueni pamanganeti ya potasiamu. Ule urujuani wake unafyonza mwanga wa kijani, hasa kwenye nanomita 525 hivi. Mwanafunzi atengeneze mimumunyo mitano, apime, achore grafu ya ufyonzaji dhidi ya ukolezi: nukta zinajipanga mstari mmoja, kama alivyoambiwa darasani. Sasa mwacheni azidi kukoleza. Mstari unapinda! Fundi wetu wa zamani angesema, "Hiyo iache." Mimi nasema hapo ndipo pa kukaa. Ufyonzaji, ile namba inayosomwa kwenye mashine, ukiwa 1, mwanga unaopenya ni asilimia 10 tu. Ukiwa 2, asilimia 1. Ukiwa 3, sehemu moja ya elfu. Mashine inahangaika kupima chembe hiyo ya mwanga huku mwanga mwingine unaozurura ndani yake ukiichanganya. Inakudanganya, tena kwa desimali tatu.

Kuna binti mmoja darasani kwangu namba zilimrukaruka. Nilishaona kosa lake: alishika kyuveti, kile kichupa cha kuwekea mmumunyo, kwenye pande angavu anapopita mwanga badala ya zile zenye ukungu. Nikanyamaza. Alirudia mara tatu, akabadilisha mmumunyo, akailaumu mashine, mwishowe akainyanyua kyuveti dirishani na kuiona alama ya dole gumba lake. Nusu saa ilikwisha hapo, na nikaulizwa kwa nini kipindi kimepitiliza.

Wakuu wa idara, neno moja la manunuzi. Taa ya deuteriamu, ile ya kupimia urujuanimno, ina saa zake, zikiisha imekwisha. Umeme wetu nao mnaujua unavyorudi. Kabla ya kusaini, ulizeni: taa ya akiba ipo? Stabilaiza ipo? Fundi atatoka wapi, na kwa nauli ya nani?

Na si lazima tusubiri makontena. Mikrolita 100 za maji zina uzito unaokaribia gramu 0.1. Mpe kila mwanafunzi mikropipeti, kile kifaa cha kunyonya na kutoa kimiminika kidogo kwa kipimo, mizani nyeti na kikombe cha maji yaliyochujwa vizuri. Adondoshe mara kumi, aandike kila uzito, hata ule unaomwaibisha. Gharama yake ni maji.

Nimekuja na mikropipeti mbili na mizani, ziko meza ile karibu na mlango. Moja ya pipeti hizo inapima vibaya, wala sisemi ipi. Nyie wa nyuma, anzeni.