Nje Hakuna Kusi

KOMBO: Tumerudi hewani, wasikilizaji. Mimi Kombo, na leo sipo peke yangu. Dada Salma karudi. Miezi miwili na zaidi mmenijazia simu: Salma yuko wapi, Salma mmegombana? Haya, huyu hapa, kaungua na jua mpaka masikio.

SALMA: Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Sikugombana na mtu. Nilikwenda kwa dada yangu.

KOMBO: Dada yako wa San Diego, Marekani.

SALMA: Ndiye. Ila sasa San Diego hayupo. Yeye, shemeji na watoto wawili, wa kiume miaka tisa na wa kike miaka sita, wameiacha nyumba wakahamia kwenye mashua ya matanga ya futi 38. Mwezi wa kumi na moja walishuka pwani ya Baja California, ule ulimi mrefu wa ardhi upande wa magharibi wa Meksiko. Mimi nikawakuta Meksiko mwezi wa tatu, nikakaa nao mpaka wa tano.

KOMBO: Kwa hiyo ulikuwa likizo. Sema tu.

SALMA: Likizo! Kombo, mimi nimefika La Cruz de Huanacaxtle, mji wa wavuvi kwenye Ghuba ya Banderas, karibu na Puerto Vallarta. Sijavua viatu, shemeji kanikabidhi dumu la maji la lita 20. Wenyewe wanaliita garrafón. Unalibeba kutoka dukani hadi ufukweni, unaliteremsha kwenye kiboti cha mpira, wimbi linakulowesha mpaka kiunoni, halafu unalipandisha mashuani na mashua inacheza. Hilo la kwanza. Yapo mengine matano yanakusubiri dukani.

KOMBO: Hawana mashine ya kugeuza maji ya bahari?

SALMA: Wanayo. Lakini hupendi kuiwasha bandarini, maji yana mafuta na uchafu, chujio linakufa, na chujio ni pesa. Kwa hiyo vyombo unaosha kwa maji ya chumvi, unasuuza kwa kikombe kimoja cha maji matamu. Kikombe kimoja, vyombo vyote. Dada yangu huyu huyu, ambaye Tanga alikuwa anaacha bomba wazi akienda kupiga soga kwa jirani, sasa anahesabu maji kama mhasibu.

KOMBO: [anacheka] Hebu tuje kwenye upepo, maana mimi mjukuu wa nahodha wa Pemba. Babu alikuwa na kalenda mbili tu: kaskazi na kusi. Kaskazi inakuleta, kusi inakurudisha. Wale je?

SALMA: Hapo ndipo nilipopata somo. Pwani ya nje ya Baja, ile inayotazama Pasifiki, upepo karibu mwaka mzima unatoka kaskazini magharibi. Na mkondo wa California nao unateremka kusini. Kila mwaka mwisho wa mwezi wa kumi kuna msafara wa mashua unatoka San Diego kwenda Cabo San Lucas, ulianza 1994, miaka mingine zinapita mashua 100. Upepo uko mgongoni, watu wanaimba. Maili za bahari kama 750, na wanapumzika njiani Bahía Tortugas na Bahía Santa María.

KOMBO: Na kurudi?

SALMA: Kurudi hakuna kusi.

KOMBO: Hakuna kabisa?

SALMA: Wa kumrudisha mtu nyumbani, hakuna. Unapanda kwa injini, upepo wa mbisho, mawimbi usoni, unagongwa wiki mbili, wiki tatu. Wenyewe safari hiyo wameipa jina la kipigo. Wapo wanaoona bora mashua ipandishwe lori kutoka Sonora, kaskazini ya Meksiko, ivushwe mpaka wa Marekani kwa barabara.

KOMBO: Mashua juu ya lori! Babu angezirai.

SALMA: Sasa sikiliza. Ukishaizunguka rasi ya Cabo San Lucas ukaingia ndani, kwenye Ghuba ya California, mambo ni kama ya babu yako. Kipupwe, kaskazi. Hewa baridi inajikusanya Marekani huko bara, ikishalemea inamwagika kusini kwenye ghuba kama maji kwenye mfereji, siku tatu, siku tano, mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Kiangazi, kusi, ya taratibu. Nikamwambia shemeji, kumbe ninyi mna kaskazi na kusi humu ndani. Yeye mtu wa Goma, kakulia ziwani, akaniuliza kusi ndiyo nini.

KOMBO: Ukamsomesha.

SALMA: Nikamsomesha tukiwa tumekwama Mazatlán siku sita, tunaisubiri hiyo kaskazi itulie tuvuke kwenda La Paz, upande wa pili wa ghuba. Siku sita! Halafu mtu anasema likizo. Tulipovuka, maili zaidi ya 200, usiku mbili, nilitapika usiku wa kwanza wote. Zamu yangu ya saa nane za usiku nikaishika na ndoo mapajani.

KOMBO: Pole, mama. Lakini kwa nini kuharakia ndani ya ghuba? Si mngebaki huko kwenye miji?

SALMA: Vimbunga. Msimu wa Pasifiki ya mashariki unaanza rasmi tarehe 15 Mei mpaka 30 Novemba. Oktoba 2015 kimbunga Patricia kilifika upepo wa kilomita 345 kwa saa kikiwa baharini, kikapiga pwani ya Jalisco. Mwaka mmoja nyuma, Septemba 2014, Odile kilipiga Cabo San Lucas kikapanda mpaka La Paz, mashua zikazama. Kwa hiyo makampuni mengi ya bima yanakuwekea mstari kwenye ramani: ukiwa kusini ya hapa msimu huo, usitudai. Familia nyingi zinapanda kaskazini ya ghuba, kuna kihori kinaitwa Puerto Don Juan, huko Bahía de los Ángeles, milima pande zote. Joto lake sasa, usiulize.

KOMBO: Mpaka hapa umenitisha tu. Uzuri uko wapi?

SALMA: Upo, wewe umeanza na upepo. Kuna taa wadogo wale, samaki taa, wanaruka juu ya maji kwa mamia. Wanaanguka kwa tumbo, pa! pa! pa! kama bisi kwenye sufuria. Usiku mzima, unalala unawasikia.

KOMBO: Taa wanaruka. Msikilizaji wa bara atadhani balbu.

SALMA: [anacheka] Na visiwa vya kaskazini ya La Paz ni jangwa, mipungate mirefu kama nguzo za umeme, na chini yake maji ya kijani. Lakini jangwa lina nyuki. Nyuki wanatafuta maji matamu, na maji matamu maili nyingi kuzunguka ni yako wewe. Mimi niliacha taulo bichi juu ya sitaha. Taulo moja! Nusu saa baadaye tuko ndani, madirisha yamefungwa, joto la tanuri, nje nyuki mamia wananyonya taulo langu. Ikabidi tungoje magharibi, jua likizama wanarudi kwao.

KOMBO: Walikusema?

SALMA: Hawakusema. Ndiyo mbaya zaidi.

KOMBO: Na chakula? Maana nilisikia ulipita uwanja wa ndege na mbuzi.

SALMA: Mbuzi ya nazi, jamani, si mnyama! Dada aliniagiza. Pwani ile minazi tele, ila mbuzi hawana. Yule ofisa kaikunja, kaikunjua, kapima meno yake kwa kidole, ananiuliza hii silaha? Nikakaa juu yake pale pale nikamwonyesha. Watu foleni nzima wanacheka.

KOMBO: Minazi ile asili yake wapi?

SALMA: Mingi ililetwa na merikebu za Kihispania zilizokuwa zikienda na kurudi kati ya Manila na Acapulco, kuanzia 1565 mpaka 1815. Mabaharia wa Kifilipino wakaja na ufundi wa kugema. Mpaka leo Colima na Puerto Vallarta kuna wauzaji wanazunguka na vibuyu vya tuba.

KOMBO: Tuba ni tembo?

SALMA: Tembo la mnazi. Wanatia karanga juu. Na kuna hili la nazi litakufurahisha. La Paz, karibu kila asubuhi saa mbili, mashua zote zinakutana redioni, chaneli 22. Kwanza mwenye dharura, halafu wageni, hali ya hewa, maji kujaa na kupwa, mwisho mnada. Sasa mgeni aliyeingia kama mtalii haruhusiwi kuuza. Basi hawasemi dola, wanasema nazi. «Nina nanga ya kilo 15, naitoa kwa nazi 100.»

KOMBO: Nazi 100 kwa nanga! Pemba ungeuziwa kweli, ukaletewa kwa punda.

SALMA: Mimi nilikaa siku mbili naamini ni nazi za kweli.

KOMBO: Na wale watoto? Shule, marafiki?

SALMA: Shule ni asubuhi mezani, dada anafundisha, hesabu za kugawanya huku penseli inabiringika. Hilo wanalimudu. Kinachowakondesha ni wenzao. Mwanangu yule wa kiume, mimi mama mdogo wake, tukiingia bandari yoyote haangalii mji. Anachukua darubini anakagua mashua moja moja: kuna baiskeli ndogo sitahani? Kuna nguo za kitoto kwenye kamba? La Paz akampata mmoja, mtoto wa Quebec, Kifaransa tupu. Siku ya tatu tayari wanavua pamoja, hawaelewani neno.

KOMBO: Halafu mashua zinaachana.

SALMA: Ile ya Quebec ikaondoka kwenda kaskazini. Sisi tumebaki, pampu ya injini imefunguliwa, vipande viko mezani. Watoto walikuwa wamepatana: saa moja jioni, chaneli 72. Jioni ya kwanza wakaongea, kama kuongea ni kutajiana majina ya samaki. Ya pili sauti inakatikakatika, maana redio ile haipindi pembe ya kisiwa. Ya tatu akaita, akaita, kimya. Akatundika kipaza sauti vizuri mahali pake, akaja juu, akamuuliza baba yake: pampu inaisha lini?

KOMBO: Shemeji akasemaje?

SALMA: Akaangalia vipande vyake. Akamwangalia dada. Dada akasema kusi imeanza kuvuma. Alfajiri tukang'oa nanga kwa tanga.

KOMBO: Na pampu?

SALMA: Nilishushwa Loreto kupanda ndege. Mpaka hapo ilikuwa bado mezani, tunakula pembeni yake. Wale wavulana walikuwa majini tangu asubuhi.